Msimsomee Halbadiri

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na mpunga wa bondeni umeshachanua, au viboko wamekutangulia? Mimi mzima, Alhamdulillah, ila mkono wa kulia bado unavuta ninapoandika. Simu ya hapa ni ya dakika chache, na wewe kwenye simu husikii vizuri. Kaka Seif akusomee, na asiruke neno.

Hapa nilipo ni nyumba ya hifadhi. Nilitoroka kwa bosi wangu siku aliponiwekea pasi ya moto mkononi, eti kwa sababu nimeunguza kanzu ya mumewe. Nilitokea mlango wa jikoni bila viatu mpaka polisi. Nilidhani watanirudisha kwake, maana pasipoti yangu alikuwa nayo yeye. Kumbe wakaita ubalozi wetu, ubalozi ukaleta wakili, mwanamke mfupi mwenye kujivuna, nami nampenda kwa majivuno hayo. Akaniambia kwa sheria ya huku aliyeumizwa ni aliyeumizwa, awe mwenyeji au mgeni, na kesi ikiwa mahakamani hakuna wa kunifukuza nchini.

Bosi kusikia hivyo, akamtuma kaka yake anifuate ofisini kwa wakili na tende.

"Dada, sote Waislamu," akasema. "Samehe. Pasipoti yako hii, kesho unapanda ndege."

Nikala tende zake. Nikamwambia, "Tamu. Mwambie dada yako tutaonana kwa hakimu."

Najua litakuuma, Mama, unataka nirudi. Hata wakili alisema naweza kurudi nyumbani nikatoa ushahidi kwa video kutoka Dar. Nimekataa. Kwenye video bosi atanitazama kama anatazama taarifa ya habari. Nataka nikae karibu naye, asikie ninavyohema.

Sasa Seif ananiambia umemwita mwalimu kutoka Mtunda aje kusoma halbadiri, naye anataka jina la bosi na jina la mama yake. Yote mawili ninayajua. Huyo mama ndiye niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi, bibi wa watu, akinipa biskuti kwa kificho. Lakini siwapi. Halbadiri ina haraka, Mama. Yule aliyeiba injini ya boti pale kwetu, aliposomewa, alivimba tumbo akafa hata hajawataja wenzake. Huyu bosi naye akipofuka leo au akipinda mdomo, hakimu atamwonea huruma, na majirani watampelekea uji. Mimi namtaka mzima. Macho yaone, masikio yasikie, na ulimi uwe na nguvu ya kueleza mbele za watu ngozi yangu ilimkosea nini.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, mjomba anayelinda mpunga dunguni, na wifi yangu, mke wa Seif, na tumbo lake. Mwalimu mpeni chai, mumwombe radhi kwa usumbufu, arudi kwake. Asivunjike moyo. Hukumu ikishasomwa, majina nitampelekea mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura