Vifungo Mezani

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mkaidi,

Hivi miguu yako imeota mizizi huko makao makuu ya jeshi, au mlango wangu una meno? Mvua zimekuja zikaenda, hujatia pua hapa. Salamu ya simu si salamu, simu haina uso. Hujambo lakini? Unakula? Mimi mzima, ni goti tu, nalo nimelizoea kama nilivyomzoea babu yako. Shule sikuiona hata kupitia dirishani, kwa hiyo nimemkalisha mtu aniandikie. Ana mkono mzuri ila mwoga, maneno yangu makali anataka kuyalainisha. Nimemwambia aandike kama nisemavyo.

Ulipokuja mara ya mwisho nilikuuliza kazi yako hasa ni nini, ukamwaga vifungo vya kopo langu la kushonea mezani. Ukasema kila kifungo ni kikosi. Hakuna ajuaye fujo itazuka wapi wala lini, na fedha ni zilezile, basi wewe ndiye unayewaambia wakubwa wapunguze nini ili wapate nini. Ukanifundisha kwamba kimoja kikiwa nje, viwili viwe nyumbani, kimoja kinapumzika na kimoja kinajiandaa. Kisha ukaondoa wajenzi wa madaraja, ukabakiza wachache, eti magari mapya ya vita yapate nafasi. Nikauliza, je, mafuriko na vita vikija pamoja? Ukacheka. Ukasema kompyuta imejaribu kila namna, hilo ni nadra. Nikasema, na vikija? Ukasukuma nje kifungo kilichokuwa kinapumzika. Kilikuwa cheupe, cha shati la shule la mdogo wako.

Vikaja pamoja. Mdogo wako, mmoja wa wale wajenzi wachache uliowabakiza, alikuwa ndio kwanza ametoka mafurikoni, buti hazijakauka, wakamgeuza kwenda kujenga daraja mpakani. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba amerudi. Alinikataza nisikwambie.

Amerudi, lakini sijui amerudi nusu ipi. Kitandani halali. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni, buti miguuni, kamba zimekazwa. Jirani akifunga dirisha, yeye yuko wima. Anawaita wenzake wa lile daraja, anawaambia wavuke mmojammoja, na siku hizi hata mimi nazisikia nyayo zao ukumbini. Nikimwambia akalale, anasema zamu yake haijaisha, hajaja wa kumpokea.

Najua umeutambua mwandiko tangu salamu. Ndiyo, ni yeye. Hapo kwenye vifungo kalamu ilisimama mpaka chai ikapoa, nikadhani atachana karatasi. Aliniuliza tu kama ulicheka kweli. Nikasema ulicheka. Akaandika. Anasema hana kinyongo nawe, ila siwezi kukuapia, maana kalamu anayo yeye.

Nisalimie wote wanaoniulizia huko. Nawe ukija, uje mchana. Usigonge, mwite jina lake tangu barabarani. Usituletee hesabu wala samahani ndefu. Kaa kwenye kile kiti, mvue buti uzivae wewe, mwambie umempokea. Mmoja mlangoni, wawili tupumzike. Si ndivyo ulivyonifundisha?

Bibi yako,
kwa mkono wa mdogo wako