Mwanangu Asiyejisifu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimepiga pasi sare ya Salma. Nimemfungia chapati mbili na maharage, maana huko kazini hula biskuti akasema ameshiba. Mwongo. Miaka kumi na mbili mwanangu huyu anatunza wazee wa watu katika nyumba ya wazee, huku ugenini Woolwich, na hajachelewa hata siku ya theluji. Mabasi yalisimama, akaenda kwa miguu. Kesho ana intavyuu. Anataka awe msimamizi wa zamu. Wenziwe waliomkuta wameshapanda, yeye yuko pale pale.
Mvua. Magoti yananiuma.

Jumanne, 7 Oktoba
Kabla hajatoka nilimshika mkono. Nikampa maneno aliyonipa mama yangu Pemba: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usijitape mbele za watu. Jibu unaloulizwa, kisha nyamaza. Akanibusu mkono akaenda. Nikakaa na tasbihi mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Amekosa. Kazi kapewa msichana aliyeingia juzi juzi. Salma ndiye aliyemfundisha hata kumgeuza mgonjwa kitandani.
Nimevunja kikombe kwa hasira. Nikavaa koti niende kwa meneja wao nikampe lake. Mjukuu wangu Nuru akanizuia mlangoni. Huyu Kiswahili anakisikia chote, hujibu Kiingereza. Leo kajitahidi: "Bibi, utamwambia nini? Wewe unajua senkyu na sori tu!" Punda huyu. Nimecheka huku nalia.

Jumapili, 12 Oktoba
Leo Salma kasema. Meneja alimwita, akamweleza kwa upole. Siku ile ya intavyuu walimuuliza, wewe umefanya nini hapa? Akajibu, tunasaidiana. Wakamuuliza, una lipi la kuwashinda wenzako? Akajibu, bado najifunza. Miaka kumi na mbili, bado anajifunza! Wao wakaandika kwamba hawezi kuongoza.
Kwetu hilo ndilo jibu la mtu aliyelelewa. Angejibu vingine ningemzaba kibao. Kwao ni jibu la mtu asiye na kitu.
Basi aliyemkosesha ni mimi. Naandika nisije nikajidanganya. Ni mimi.

Jumatano, 15 Oktoba
Imetoka nafasi nyingine, katika nyumba yao ya pili ya wazee, Plumstead. Salma hataki. Aibu moja yatosha, anasema. Nimemwambia utakwenda, sikukuzaa uogope meza. Skuli sikutiwa hata siku moja. Herufi hizi nimejifunza na mvi zangu kichwani, darasa limejaa watu, na sikufa.
Kaondoka amenuna. Na anune.

Jumamosi, 18 Oktoba
Salma kalegea, nimemkalisha jikoni tufanye mazoezi ya intavyuu. Mimi meneja. Nuru kanivisha miwani yake. Nikauliza, wewe umefanya nini? Akaanza, sisi... Nikapiga meza kwa mwiko. Hakuna sisi!
Akafunika uso kwa mtandio. "Anza wewe basi, mama, tukuone."
Nikajikohoza. Mimi, nikasema, kwa biriani, Woolwich nzima... Nikamalizia, lakini si mimi, ni mchele mzuri. Nuru kaanguka sakafuni kwa kicheko. Si rahisi. Mtu mzima naogopa husuda jikoni kwangu mwenyewe.
Halafu Salma akasema, taratibu, macho chini. Kulikuwa na mzee aliyekataa kula. Siku tatu. Kila mtu alishamchoka. Salma akaleta chakula chake mwenyewe, akakaa karibu naye, akala, hakumwambia neno. Kesho yake akafanya vile vile. Mzee akanyoosha mkono, akala katika sahani yake.
"Hilo nililifanya mimi," akasema.
Nikauliza, lini? Kama miaka sita sasa, mama.
Miaka sita! Tunalala nyumba moja. Sikujua. Ndivyo nilivyomfundisha kunyamaza, mpaka mimi mwenyewe nikamkosa.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kaenda Plumstead. Methali sikumpa. Nimemwambia tu, sema ulichofanya, usipunguze.
Sijala.

Jumanne, 28 Oktoba
Amepata! Kapiga simu akiwa kituo cha basi, analia, nikadhani kakosa tena. Nimepiga vigelegele mpaka jirani wa chini kagonga dari. Agonge.
Kasema yale ya mzee aliyasema yote, na mengine juu yake. Mengine yapi, sikumuuliza. Basi lilikuwa limefika.

Jumapili, 2 Novemba
Salma hana zamu leo. Nuru kaenda kwa rafiki yake. Tumebaki wawili, na chai.
Nikamwambia, nihadithie. Nini, mama? Wazee wako.
Akatazama dirishani kwanza. Kisha akaniambia habari za bibi mmoja anayemngoja mumewe. Mume kafa zamani. Wengine humkumbusha, naye hulia upya kila siku kama kaambiwa leo. Salma hamkumbushi. Jioni humtandikia kitanda, akamwekea mito miwili.
Chai imepoa. Nikamwambia, enhe, endelea.