Elieth, Friza Yako Ilichomolewa Siku ya Kukuaga

Walichomoa friza yako, Elieth. Ni mwaka mmoja sasa tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa kazini, na siku tuliyokuaga pale maabara ndiyo siku walipoichomoa, wapate umeme wa spika za kukusifia.

Nilikuwepo. Nilimwona mtu wa ofisi akivuta waya. Nikadhani ni friza ya soda, nikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyekumbuka kuichomeka tena mpaka Jumatatu, maji yametapakaa sakafuni na vichupa vyako vya damu vimeyeyuka.

Mimi kaka yako niliishia darasa la tano, lakini ulinifafanulia mpaka nikaelewa. Ulisema protini za kwenye damu zinaonyesha mwili ulipambana vipi na korona: huyu kinga yake iliupiga ugonjwa, yule kinga yake ilimpiga mwenyewe. Zikipata joto, ulisema, ni kama yai lililochemshwa, hulirudishi tena.

Uliwaheshimu wenye damu. Watu wa kijiji cha Gulwe walipogoma kutolewa damu, wakisema mnakwenda kuiuza, ulikunja mkono wa gauni ukatolewa wewe kwanza. Kila mzee ulimpa shikamoo yake, hata aliyekutukana. Nyumbani Ipagala ulikuwa mtani tu. Mimi uliniambia damu yangu haifai hata kwa mbu, atalewa.

Februari Mzee Mazengo alikuja kwangu kutoka Gulwe, ameshika kadi uliyompa yenye namba ya sampuli yake. Yeye na mkewe waliugua pamoja, kitanda kimoja. Mkewe akafa, yeye akakohoa siku tatu tu. Alitaka kujua kwa nini, na ulimwahidi jibu. Nikampeleka ofisini. Wakamwambia sampuli zilipata changamoto.

"Changamoto ndiyo nini?" aliniuliza tulipotoka nje. "Yule binti alisema atarudi."

Nikamwambia ukweli wote, pamoja na ule waya niliouona. Akatia kadi mfukoni, akaondoka bila kuniaga.

Ofisi imebandika picha yako ukutani, wameandika shujaa. Shujaa hachomolewi friza.

Unakumbukwa na mama yetu Lea, mumeo Batholomeo, mwanao Erica, na mimi kaka yako Silvano. Wewe hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na hili nalo hatutalisahau.

Vichupa mia sita na kumi na vinne. Watu mia tatu na saba, kila mmoja alichomwa sindano mara mbili. Miaka yako minne ya kazi. Majibu yaliyofika Gulwe: hakuna hata moja.