Mabati Niliyofunga Kwenye Nguzo ya Bomba

Jumanne, hapa Mbololo. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo ni wa vumbi tupu. Mimi sikusoma, naongea na simu, yenyewe inaandika. Ikikosea, shauri yake.

Leo Mghoi amehama.

Mghoi ni jirani yangu tangu tukiwa maharusi. Shamba lake liko chini ya langu, na katikati limepita bomba la mafuta, limezikwa ardhini. Watu wa bomba walisimika nguzo ya chuma yenye kisanduku. Walisema kinasikiliza bomba: likitikiswa au likivuja, kinapeleka habari ofisini bila waya wowote. Mimi niliona nguzo imara tu.

Ndovu walikuwa wanatumaliza. Nikafunga waya kwenye ile nguzo, nikaning'iniza vipande vya mabati, upepo ukija vipige kelele. Ndovu wakakimbia kweli. Lakini vijana wa ofisi walikuja mara tatu, wanasema kisanduku kimelia, na bomba ni zima. Kila nikiona gari lao nafungua waya haraka. Wakaniuliza kama kuna kitu kinagusa nguzo. Nikasema hakuna.

Mara ya nne kisanduku kilipolia, hawakuja.

Mara ya nne ilikuwa kweli.

Mafuta yalishuka upande wa Mghoi. Mboga ziliungua, ng'ombe wake akanywa akafa, kisima hakifai hata kuogea. Kila mtu akalaumu kisanduku, eti kinadanganya. Nikanyamaza. Mdomo huu, ambao haujawahi kumwogopa hata chifu!

Leo wakipakia lori aende kwa mwanawe kule Bomeni, nikamwambia yote. Akaendelea kukunja blanketi.

"Miezi hii yote unanibebea maji," akasema, "nikawa naambia watu Mama Wakesho ana roho nzuri. Kumbe ulikuwa unanawa mikono."

"Nitukane, Mghoi. Nichape hata."

"Nikuchape na nguvu gani, na wewe mzee hivyo? Ungeniambia siku ile ile. Tungelia pamoja."

Akapanda lori. Hakunipa mkono.

Nimelia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Kesho nitaenda ofisi ya bomba niwaambie kisanduku hakikudanganya, aliyedanganya ni mimi. Wakasirike wanavyotaka, lakini kikilia tena wakisikilize.

Kisha nitampigia Mghoi simu. Asiposhika, nitapiga tena.