Hassan Kulamawe, Husna Isiolo

Jumanne, 1 Septemba 1981

Unga wa anjera, mikate yetu myembamba ya kikaango, umechacha mapema kwa joto. Nimeupika hivyo hivyo, wenye hoteli hawajalalamika. Hassan ameungua kidole kwenye kikaango. Aliyelia ni Husna. Hassan alikuwa anakiangalia tu kidole kama ni cha mtu mwingine. Pacha wangu wana miaka mitano na bado sijawazoea.

Abdi amepita na lori akielekea Moyale. Hakuzima injini. Eda yangu iliisha mwezi uliopita, si mume wangu tena, na mimi bado nimetengeneza mtandio haraka nionekane vizuri. Ujinga. Amesema kwa dirisha kwamba wazee wanakaa Alhamisi kwa mjomba wangu Farah, mambo ya watoto. Akaenda.

Hoyo, mama yangu, anasema nisiwe na wasiwasi. Amesema mara tatu. Ndipo nikaanza kuwa nao.

Alhamisi, 3 Septemba

Wameshakaa. Mimi na hoyo nyuma ya pazia, kwenye chumba cha magunia. Wazee wameongea sana juu ya mvua na ngamia wa mtu fulani wa Merti. Mambo ya watoto hayakumaliza kikombe kimoja cha chai. Mvulana kwa baba, msichana kwa mama. Kila mtu na wake, hakuna aliyenyimwa. Kama wanagawa mbuzi.

Mjomba akaita, "Rukia, umesikia?"

Sikujibu. Nikajiambia, nikinyamaza watajua nimekataa. Wakasoma Fatiha. Imeisha.

Siku ya nikaha yangu nilinyamaza pia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mjomba huyo huyo, pazia hilo hilo. Aliuliza, nikanyamaza, wakasema amekubali, wanawake wakapiga vigelegele. Kwa hivyo nilijua. Nilijua kwao kunyamaza ni nini na bado nikanyamaza. Nimejikasirikia mwenyewe kuliko wao.

Jumamosi, 5 Septemba

Hassan amechukuliwa. Atakaa Kulamawe kwa mama yake Abdi, ana duka huko. Nimemwekea nguo kwenye kikapu, na lile shati la bluu ambalo halimtoshi lakini analipenda.

Alipanda lori akifurahi. Amezoea baba yake kumzungusha nalo mpaka stendi na kumrudisha. Akakaa, akasogea, akaacha nafasi. Akanyoosha mkono amvute Husna. Abdi akafunga mlango.

Sikulia mbele yao. Nimelia jikoni, moshi umenisaidia.

Jumatatu, 7 Septemba

Husna amekula nusu ya anjera. Nusu ameifunika na sahani. Nimemwambia kula, mwanangu.

"Ni ya Hassan."

Ijumaa, 11 Septemba

Nusu tena. Kila siku nusu. Jioni nawapa kuku asipoangalia.

Jumapili, 20 Septemba

Mama Guyo, yule Mborana anayetuletea maziwa kutoka Kulamawe, amemwona Hassan. Mzima. Bibi yake anampenda, anamlisha vizuri. Ila haongei na watu. Amepewa mwanambuzi acheze naye, naye amemwita Husna.

"Na mbuzi yenyewe ni dume, mama," Mama Guyo amesema akicheka.

Nami nimecheka. Halafu nimeshindwa kushika sufuria ya maziwa, imebidi hoyo aipokee.

Ijumaa, 9 Oktoba

Idi ya kuchinja ilikuwa jana. Abdi ametuma salamu na gauni la Husna. Hassan hakuletwa, ati lori limeharibika. Husna amekataa gauni. Ameuliza la Hassan liko wapi. Nikamwambia wavulana hawavai gauni. Akasema basi na yeye havai.

Hoyo amechoka na mimi. "We Rukia, unaye mmoja hapa. Kuna wanawake wa mji huu wameachwa wakatoka mikono mitupu. Shukuru." Nimejaribu kushukuru. Nimejaribu kweli. Haikai.

Baada ya swala nimemweleza mwalimu Zeinab, anayetusomesha Kurani sisi kina mama. Hakuzunguka. Watoto wadogo ni mama anayelea, amesema, mvulana mpaka miaka saba, isipokuwa mama aolewe na mtu mwingine. Wazee hawana ruhusa ya kukata hapo. Nenda kwa kadhi.

Nikamwambia lakini nilinyamaza.

"Basi safari hii usinyamaze."

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimeenda. Miguu ilitaka kurudi pale kwenye kona ya msikiti. Karani ameandika maneno yangu, nami nimeyasoma yote kabla ya kuweka sahihi. Darasa la tano langu limenifaa. Abdi ataitwa.

Mjomba Farah amekuja jioni, habari zimemfikia. Hakukaa kitini. Amesema nimemvua kilemba mbele ya watu, kwamba babu alipigana vita vya Wazungu akarudi na heshima, na mimi naipeleka heshima hiyo kwa karani. Hoyo hakunitetea. Lakini hakumpikia chai.

Jumatano, 14 Oktoba

Naogopa. Kama Abdi akikasirika akawataka wote wawili? Hoyo alisema nina mmoja. Labda nitamaliza bila hata huyo.

Husna amelala na kiatu kimoja cha zamani cha Hassan. Nimemwacha.

Alhamisi, 22 Oktoba

Niandike kabla sijasahau.

Abdi alikuja kwa kadhi na Hassan begani. Amekonda kidogo, shingo imekuwa ndefu. Nilidhani pacha wangu watakumbatiana. Hapana. Husna alimwangalia, akainama, akamvua kiatu kimoja akakivaa yeye, akampa chake. Kisha wakaingia chini ya benchi, kila mmoja na viatu visivyofanana, wakaanza kuongea ile lugha yao wanayoielewa wawili tu. Hassan aliongea. Abdi aligeuka kutazama. Akaniambia polepole, "Huyu hajasema neno tangu mwezi ule." Uso wake ulinitia huruma, sikutaka unitie huruma.

Kadhi ni mzee mwembamba, sauti ndogo. Mjomba akamweleza kuwa jambo lilikwisha mbele ya wazee na mimi nilikubali.

"Alisemaje?"

"Alinyamaza, sheikh."

Kadhi akavua miwani. "Kunyamaza ni idhini ya msichana kwenye nikaha yake. Si idhini ya mama kutoa mtoto." Akanigeukia. "Sema mwenyewe, binti."

Nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua lakini ilitoka. Nikasema naomba wasitenganishwe.

Kadhi akasema kisheria wote wawili ni wangu kulea. Moyo ukaruka. Kisha akasema, akitimiza miaka saba, huyu mvulana baba yake ana haki ya kumdai. Nikahesabu kwa vidole ndani ya mtandio. Miaka miwili. Halafu kikapu tena, mlango wa lori tena, na safari hiyo wakiwa na akili ya kuelewa.

Abdi naye akaomba kusema. "Sheikh, na mimi je? Niwe mgeni kwa watoto wangu?" Alisema akiangalia chini ya benchi.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Nikasema wakae kwangu siku za shule. Shule zikifunga waende kwake Kulamawe, lakini wote wawili. Husna pia. Naye aahidi kwamba Hassan akifika saba hatamchukua peke yake. Popote aendapo mmoja, na mwingine.

Hoyo alinifinya mkono. Mjomba akasema msichana huyo hakuwa amedaiwa na mtu, kwa nini namtoa. Kadhi akaniuliza kama nimeelewa ninachosema, kwamba kuna siku nyumba yangu haitakuwa na hata mmoja. Nikasema nimeelewa.

Abdi akakubali. Imeandikwa. Tumeweka sahihi, yake halafu yangu.

Tulipofika mlangoni hoyo akanigeukia. "Ulikuwa unaye mmoja siku zote," akasema. "Sasa kuna siku utakuwa huna." Akaingia ndani akamwogesha Hassan, akamsugua mpaka akalalamika.

Jumapili, 25 Oktoba

Anjera zimeisha. Hakuna nusu. Kuku wamesimama mlangoni wakishangaa.

Jumatano, 11 Novemba

Mvua. Barabara imekuwa matope, Mama Guyo hajaleta maziwa siku tatu. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Nimefikiri labda lori halitapita shule zikifunga.

Jumapili, 22 Novemba

Imekauka.

Jumamosi, 28 Novemba

Wameenda asubuhi. Abdi alikuja mapema, ameteremka chini, amezima injini. Amenisalimia vizuri, "Salaam aleikum, mama Hassan." Amewaletea kofia mbili za kufanana. Nikamwambia Husna huwa anatapika barabara ikiwa na mashimo, asimpe maziwa. Akasema amesikia. Nadhani amesikia.

Hassan alipanda kwanza. Akasogea, akaacha nafasi, akanyoosha mkono. Husna akaushika akapanda. Hawakuangalia nyuma. Nilitaka waangalie, kisha nikafurahi hawakuangalia.

Watarudi Januari, shule zikifunguliwa. Wiki tano.

Nimefagia. Nimefua mashuka yao, yamekauka kabla ya adhuhuri. Nimekoroga unga kwa mkono uliozoea, umekuwa mwingi. Nyumba imetulia mpaka nasikia kuku wakikwaruza ukutani.

Nilipokwenda kuosha vyombo vya asubuhi nimekuta sahani imefunikwa na sahani. Ndani, nusu ya anjera. Nikashangaa, Hassan alikuwa hapa, walikula pamoja. Nikaichukua niwape kuku.

"Wacha," hoyo amesema kutoka uani. "Husna amesema hiyo ni yako."

Nimeketi kwenye kiti cha jikoni. Ilikuwa imekauka pembeni. Nimeila yote, polepole.