Siku Layan Aliyoniuliza Jina

Jumatatu, Riyadh. Baridi ya Januari, mawingu tangu asubuhi. Madam na Layan hawajarudi kutoka shuleni, nami nimekaa jikoni naandika badala ya kukata vitunguu.

Naogopa, shajara.

Layan ana miaka minane, ni mtoto wa nyumba ninamofanya kazi. Baadhi ya walimu wake wametoka Marekani, na kwao leo ni sikukuu ya kumkumbuka kiongozi aliyepigania haki za watu weusi. Nilidhani shule itafungwa. Kwetu Kenya, Siku ya Mashujaa tulikuwa tunafunga. Tulikariri shairi siku moja kabla, tukapigiwa makofi, basi. Sikukuu yenyewe nilishinda nikifua na kuchota maji, na kufikia jioni shujaa nilikuwa mimi.

Mwalimu wa Layan alitaka kitu kingine. Kila mtoto amtafute mtu anayewafanyia kazi nyumbani, amuulize jina lake kamili, nani alimpa na kwa nini. Leo wasome mbele ya wazazi.

Alhamisi Layan akaja jikoni na daftari.

"Mariam, jina lako kamili ni nani?"

Mimi si Mariam. Mariam ni dada aliyefanya kazi hapa kabla yangu. Nilipofika, madam alisema mtoto ameshazoea jina hilo, halas, yaani yameisha, na mimi nikasema sawa madam. Nilikuwa na siku moja tu katika nchi ya watu, ningesema nini? Sasa ni miaka miwili. Mwezi uliopita mama aliniita jina langu kwenye simu, nikachelewa kuitika.

Hiyo iliniuma sana.

Nikamwambia Layan ukweli. Naitwa Mumbua. Nyanya yangu ndiye aliyenipa jina hilo kwa sababu nilizaliwa siku mvua iliponyesha baada ya kiangazi kirefu, na sisi Wakamba mtoto wa mvua ndivyo tunavyomwita. Layan aliandika polepole, ncha ya ulimi nje. Kisha akauliza mbona sikumwambia siku zote hizo.

"Hakuna aliyeniuliza, habibti."

Akaandika na hilo.

Leo atalisoma mama yake akisikia. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inaisha mwezi ujao, na mkono wa kuifanya upya ni wa hawa hawa. Madam akidhani nimemshtaki kwa mtoto wake, nitarudi nyumbani na sanduku langu, na mwanangu Kioko ndiyo kwanza yuko darasa la sita. Mdomo wangu huu.

*

Wamerudi.

Madam alikuja moja kwa moja jikoni, abaya bado mwilini. Layan nyuma yake na daftari. Madam aliangalia vitunguu ambavyo havijakatwa, akaniangalia mimi.

"Mumbawa," akasema. Layan akamsahihisha. Akajaribu tena. "Mumbua. Ungeniambia."

"Ndiyo, madam."

Sote wawili tunajua nisingeweza. Akaomba chai, akasema nikimaliza nimletee ile ikama mapema, asije akasahau kuifanya upya. Nikashika kisu, nikalia, na bahati nzuri vitunguu vilikuwepo vya kusingiziwa.

Nikawa namfikiria mwalimu wa Kioko. Wafunge shule Siku ya Mashujaa, sawa, watoto wapumzike. Lakini kabla ya kufunga awatume kwa mpishi wa shule, kwa mzee wa lango, kwa mama anayewauzia mandazi, wamuulize kila mmoja jina na nani alimpa. Shairi lije baadaye. Nilijiona nina hekima kweli kweli.

Chai ilikuwa inachemka nilipochungulia dirishani nikamwona Sadiki, mlinzi wa jengo letu, akifagia vumbi. Ni mtu wa Bangladesh. Mtungi wa gesi ukifika, yeye ndiye hunibebea hadi ghorofa ya tatu, na hajawahi kulalamika. Sadiki ni rafiki kwa Kiarabu, ndivyo jengo zima linavyomwita. Mimi pia.

Miaka miwili, na sijui anaitwa nani.

Kesho nikishusha taka nitamuuliza.