Hadithi ya Vioo Iliyoanzia Mwisho

Walthamstow, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na mikono yako naibusu kutoka huku mbali. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, goti limepunguza maumivu, na Salma wangu yupo hapo pembeni akijifanya hasikilizi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Salma kifua kilimbana wiki mbili kwa baridi, sasa amesharudi kazini kwenye kiwanda cha samani. Mimi sina hata mafua. Nakuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kama siku zote, ili usome mwenyewe bila kumwita mtu, maana leo yapo ninayotaka uyasome peke yako kwanza.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika pale pale. Unasema uliisikiliza ile kaseti tuliyokuletea, ukamsikia mjukuu wako Nasra anakusalimu kwa Kiingereza toka mwanzo hadi mwisho, ukazima redio ukaenda kulala bila kula. Ukaandika, "Mmoja mmeshanipotezea, wa pili simtoi." Kwamba karatasi za safari za Salma zikamilike zisikamilike, hapandi ndege mpaka umsikie mdogo wake akisema maneno ya kwetu, tena yatoke moyoni mwake, yasiwe ya kukaririshwa kama kasuku.

Nakujua mama. Ukishasema, umesema. Lakini mimi ni mwanao, na ukaidi nilio nao sikuuokota njiani. Salma nilimwacha ana miaka mitatu, tukaagana kwa ahadi ya mwaka mmoja. Sasa ana tisa. Meno yake ya utoto yameng'oka mengi, mimi sijaona hata moja. Karatasi zake ziko tayari, kitanda chake kimetandikwa chumbani kwa Nasra toka mwezi uliopita, kilichobaki ni neno lako tu. Basi soma polepole nikueleze yaliyotokea jana Jumamosi.

Kwanza nikwambie ukweli, nisije nikaambiwa nilikuficha. Nasra anakielewa Kiswahili chote. Ukimtuma chumvi analeta chumvi, ukimsengenya anakuja juu. Kujibu ndiyo hujibu kwa Kiingereza, na watoto wote wa watu wetu huku ndivyo walivyo. Kila Jumamosi nawakusanya ukumbini kwangu, kumi na mmoja, wa Unguja na wa Pemba, nawasomesha alifu be te kama ulivyonisomesha wewe, halafu nawatolea hadithi. Alifu yao nzuri, sina la kusema. Kwenye hadithi ndipo wanapolala. Nikisema "Paukwa!" wanaitikia watatu, tena kwa sauti ya mtu anayenyweshwa mwarobaini. Wengine macho yote kwenye televisheni, na imezimwa.

Sasa umjue Bibi Edith. Nilikwambia nimepata kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Huyu ni mmoja wao, mjane, miaka themanini na kitu, anakaa mtaa wa pili. Naenda asubuhi namwogesha, nampikia uji wa shayiri, napangusa vumbi. Mkali huyo, mama! Kikombe kikiwekwa upande asiouzoea, chai hainywi. Tunapatana sana.

Siku moja nilikuwa nafagia chini ya ngazi nikakuta sanduku la mbao, na juu yake kitu kama taa kubwa yenye jicho la shaba. Akapiga kelele, "Usiguse hicho!" Kisha akaniambia nikilete. Kumbe ni taa ya picha ya marehemu baba yake. Zamani hizo, yeye bado mtoto mdogo, baba yake alikuwa anazunguka nayo makanisani na kwenye kumbi za maskini. Anaweka kioo kidogo kilichochorwa kwa rangi, taa inamulika nyuma yake, picha inatokea ukutani kubwa kama mlango wa msikiti. Watoto wanakaa chini kimya, yeye anawasimulia, wanajifunza adabu. Enzi hizo ilikuwa ya mafuta, baadaye ikatiwa balbu ya umeme, na balbu ile bado inawaka.

Tukawa kila asubuhi nikishamaliza kazi tunainua vioo viwili vitatu vya sandukuni dirishani kuvitazama. Na nikwambie mama, Waingereza wa zamani walikuwa na kazi moja tu katika hadithi zao, kuua watoto. Aliyecheza juu ya barafu bila ruhusa, kazama. Aliyekwenda kuuza maua kwenye theluji, kaganda. Aliyegawa mkate wake kwa mbwa, huyo hata kosa hana, naye kafa, tena anatabasamu. Nikamuuliza Bibi Edith, "Hivi hao watoto waliokuwa wakitazama usingizi walikuwa wanaupata?" Akanijibu, "Hatukuupata."

Hapo ndipo nilipopata akili yangu. Nikamwomba aniazime taa kwa siku moja, na hadithi moja ambayo sijaiona. Akanichagulia yenye msichana wa gauni jekundu, rangi zake hazijachujuka. Akataka kunisimulia, nikamkatalia. "Ukinisimulia wewe itanitoka kwa Kiingereza," nikamwambia. "Niachie picha, maneno nitayatia mwenyewe." Unanijua nikishajiamini. Akainua mabega, akasema basi na yeye atakuja kutazama.

Jana baba Salma akamleta kwa kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini. Shuka jeupe nililinunua kwenye soko la mtaani hapa, tukalipigilia ukutani, tukafunga mapazia mawili mawili mpaka chumba kikawa kiza saa tisa mchana. Redio kaseti nikaiweka juu ya kabati nikaibonyeza irekodi, nikitumaini nitapata japo "shikamoo bibi" moja ya kukuletea. Bibi Edith akavipanga vioo mezani kwa safu, kimoja baada ya kimoja. Vilikuwa saba, na sandukuni safu ya hadithi hiyo ina nafasi nane. "Kimoja kilivunjika zamani," akaniambia, na mimi sikuuliza ni kipi.

Mama, wewe ndiye uliyenishika kidole ukanifundisha kusoma. Mkono wangu ukaenda kwenye kioo cha kulia kabisa, kama unavyokwenda kwenye ukurasa. Bismillahi, nikaanza.

"Paukwa!"

"Pakawa," watatu wale wale.

Nikasukuma kioo ndani ya taa, kichwa chini kama nilivyofundishwa, maana taa huipindua picha, na pale ukutani msichana wa gauni jekundu akatokea mzima mzima, yuko hewani kati ya wanawake wawili weupe wenye mbawa. Watoto wakashusha pumzi wote kwa pamoja. Baba Salma akaguna kizani, "Mke wangu, malaika hao wanachorwa?" Nikamwambia, "Nani kasema malaika? Hao majini wema, tena wa Kipemba." Watoto wa Pemba wakapiga makofi. Basi nikasema majini wamemwona mtoto amepotea mbali na kwao, wamembeba wanamrudisha kwa mama yake.

Picha ya pili, mtoto yuko kitandani, mama yake kapiga magoti analia. Kilio cha furaha, nikasema, kaletewa mwanawe. Ya tatu, mtoto amelala kwenye theluji. Nikasema kapona, katoka kucheza, kachoka. Ya nne anatembea na kikapu, katumwa dukani. Ya tano mama yuko jikoni na sufuria tupu. "Wamekula biriani," nikawaambia, "wameikomba!" Wakacheka, na sasa walikuwa wanaitikia wote, wananidakia maneno kabla sijayamaliza. Ya sita mtoto yuko kwenye mlango wa kilabu cha pombe anamvuta baba yake koti. Nikauliza, "Anamwambia nini?" Mtoto mmoja anayekuja kutoka Ilford, ambaye mama yake aliniapia hajui neno la Kiswahili, akapaza sauti, "Baba, toka huko, twende zetu!" Na ya saba, baba kambeba mtoto mabegani, wanatembea barabarani wanacheka.

Vioo vikaisha. Ile nafasi ya nane mimi nilidhani ndiyo mwisho wa hadithi, sikutaka ikatike. Nikatoa kioo cha saba nikaiacha taa imulike shuka tupu, nuru nyeupe peke yake. Nikasema, "Na hapa ndipo nyumbani. Wamefika, mlango huo uko wazi. Haya niambieni, mtoto kaingia?"

"Kaingiaaa!"

Nasra alikuwa mbele kabisa, kakunja mikono. Hakuwa ameitikia hata mara moja, na mimi nilishakata tamaa naye. Akainuka, akaenda akasimama katikati ya ile nuru, kivuli chake kidogo kikakaa ukutani. Akanigeukia kwa hasira.

"Bado," akasema.

"Bado nini, mwanangu?"

"Hajaingia. Kitanda chake hakina mtu. Dada hajaja, mama. Unasema kaja, na hajaja."

Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Namwona tu usiku anakitazama kile kitanda, nilidhani amekizoea. Nilimshika nikalia mbele ya watoto wa watu, na baba Salma akajifanya anatafuta swichi ya taa.

Watoto walipokwisha kwenda, Bibi Edith akapiga mkongojo wake sakafuni. "Umeigeuza!" akasema. "Umeigeuza hadithi ya baba yangu kichwa chini miguu juu!" Na hapo ndipo aliponieleza. Wao huanzia kushoto, kama wanavyosoma. Baba na mtoto wanatembea kwa furaha, kisha baba anashikwa na ulevi, mtoto anamfuata kilabuni hasikii, sufuria linakuwa tupu, mtoto anakwenda kuomba kwenye theluji, anaanguka, anaumwa, wanakuja kumchukua wale wenye mbawa. Basi, hadithi imekwisha, watu wazima wanalia, watoto wanakwenda kulala na hofu. Na ile picha ya kioo kilichovunjika haikuwa ya mwisho hata kidogo. Ilikuwa ya kwanza. Mama amesimama kwenye mlango wa nyumba, kanyoosha mikono, mtoto anamkimbilia.

Niliona aibu mama, nikamwomba radhi kwa kuchezea mali ya marehemu. Akaniambia alipokuwa mdogo, ikifika ile picha ya mbawa alikuwa anajificha chini ya kiti cha baba yake, na hakuwahi kumwambia mtu. Neno la Kiswahili haelewi, lakini alipomwona yule mtoto anashushwa badala ya kupandishwa alishika blanketi lake kwa mikono miwili. "Jumamosi ijayo," akasema, "irudie. Na uikosee vile vile."

Nitairudia. Watoto wenyewe wameshaniuliza mara nne, na mama zao wawili wamepiga simu leo asubuhi kunishukuru. Chuo changu kimesimama, mama, na hadithi zako zina pa kukaa. Hilo nalisema bila wasiwasi wowote. Sisemi Nasra ameamka leo anazungumza kama mtoto wa Malindi ya huko Unguja. Amenijibu kwa Kiingereza chai yake haina sukari. Lakini sasa najua Kiswahili anakiweka wapi. Anakiweka kwenye mambo anayoyataka kweli.

Kaseti nimempa kijana wa Mkunazini anayesafiri wiki hii, ataileta pamoja na barua, na dawa ya goti, na kitambaa cha gauni. Kitambaa ni chekundu, Nasra ndiye aliyemchagulia Salma. Usikisikilize kipande cha mwanzo, ni makelele na baba Salma anagongana na meza. Peleka mbele mpaka karibu na mwisho. Kwanza usikilize wewe peke yako, kisha umwite Salma.

Nisalimie mjomba Khamis na cherehani yake, umwambie suruali aliyomletea baba Salma imemtosha kiunoni, kazi imekuwa miguuni. Nisalimie shangazi Raya, mguu wake usimzuie harusini. Jirani Bi Kazija mwambie vitumbua vyangu huku vinasifiwa ila mimi mwenyewe najua si kama vyake. Na mwalimu wa Salma mpe salamu zangu za heshima, asichoke naye mpaka siku ya mwisho.

Mama, wewe ulimlea Salma nilipokuwa siwezi. Sina cha kukulipa na sijifanyi ninacho. Uliomba umsikie mdogo wake aseme kutoka moyoni, na alichosema ndicho hicho, utakisikia kwenye kaseti. Sikukwambia umwachie kwa ajili yangu tu. Kile kioo cha kwanza hakipo tena, Bibi Edith anasema vipande vyake vilitupwa kabla hata hajajua kusoma. Mlango ninao mimi huku, na mikono nimeshainyoosha. Mtoto unaye wewe.

Ni mimi mwanao, ambaye radhi zako ndizo zinazonitembeza katika baridi hii,

Zuwena